Oili ya gari jipya: yanayosemwa gereji za Tabora na Kigoma, na ukweli wake

Kwa wengi huku, gari jipya ni lile lililoshushwa bandarini Dar es Salaam likitokea Japani, likaendeshwa zaidi ya kilomita 800 hadi Tabora au zaidi ya 1,200 hadi Kigoma. Likifika tu, kila mtu ana ushauri wa oili. Mwingi ulifaa injini za zamani.

Dhana: Huku ni joto, weka oili nzito, 20W-50 au namba 40.

Kwenye 5W-30, namba iliyo kabla ya W inaonyesha oili inavyotiririka injini ikiwa baridi. Ya pili inaonyesha uzito wake kwenye nyuzi 100. Injini ikishapata moto, thamostati hushikilia maji kwenye nyuzi 80 hadi 90 hivi, uwe Sapporo kwenye theluji au Tabora mwezi wa kumi. Kwa hiyo uzito wa oili unaamuliwa zaidi na jinsi vyuma vya ndani vilivyobanana kuliko na jua la nje. Injini ya VVT-i (mfumo wa Toyota wa kubadilisha majira ya vali) inatumia presha ya oili kusogeza majira ya kamshafti, mhimili unaofungua vali, na oili hiyo hupita kwenye vitundu vidogo vyenye kichujio cha waya. Ukiweka 20W-50, asubuhi inachelewa kufika juu, taa ya injini inaweza kuwaka na kosa P0011, kisha unauziwa vali ya VVT-i wakati ya kwako ni nzima.

Angalia mfuniko wa kujazia oili: mara nyingi umeandikwa 0W-20 au 5W-30. Ukikosa 0W-20 madukani, vitabu vya injini nyingi za Toyota za soko la Japani vinaruhusu 5W-30. Hakikisha tu na cha gari lako.

Dhana: Ukiweka sintetiki unatembea kilomita 15,000 bila wasiwasi.

Namba hiyo haijatoka hewani. Toyota kwa soko la Japani husema kilomita 15,000 au mwaka mmoja kwa injini ya petroli isiyo na turbo. Ila wanaoitaja hawafiki mstari unaofuata: kwa matumizi magumu ni 7,500 au miezi 6. Ya turbo ni 5,000 au miezi 6, na kwenye matumizi magumu 2,500 au miezi 3.

Matumizi magumu ndiyo maisha yetu: vumbi la kiangazi, magunia ya tumbaku kutoka mashamba ya Urambo, na mizunguko mifupi ya Mwanga hadi Ujiji huko Kigoma. Safari fupi inadanganya zaidi, kwa sababu oili haipati moto wa kutosha kukausha unyevu na petroli iliyovujia ndani yake. Kilomita zinakuwa chache, oili inachoka vilevile.

Ushauri wetu kwa petroli isiyo na turbo: kilomita 5,000 au miezi 6, kinachotangulia. Anayekimbia zaidi kwenye lami ya Tabora–Nzega anaweza kufika 7,500. Kumwaga kila 3,000 ni kutupa hela, isipokuwa gari lako ni la turbo. Hela hiyo nunua filta ya hewa. Ikichanika, vumbi linaingia kwenye silinda, linateremka hadi kwenye oili na kusaga ringi.

Dhana: Galoni ya lita 4 imiminwe yote.

Injini ya 1NZ-FE, iliyomo kwenye IST nyingi na Probox, inachukua lita 3.7 ukibadilisha na filta, 3.4 bila filta. Ikizidi sana, krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni) inaichapa hadi inatoa povu, presha inashuka. Mimina 3.5, washa dakika moja, zima, subiri dakika tano gari likiwa pasipo mteremko, ndipo upime kwa stiki na kuongeza kidogo kidogo.

Nati ya kumwagia ni spana namba 14. Iwekee wosha mpya na usiikandamize, maana sampu (bakuli la oili chini ya injini) ya aluminiamu ikiisha nyuzi ni gharama nyingine. Filta ifungwe kwa mkono: raba ikigusa, ongeza robo tatu ya mzunguko. Na ibadilishwe kila mara, ile ya zamani imebaki na oili chafu.

Dhana: Oili ikiwa nyeusi imekufa.

Hapana, inaosha. Ya dizeli huwa nyeusi mapema sana. Ogopa ikiwa kama chai ya maziwa, kwani hapo maji yameingia.

Dhana: Oili ni oili, angalia bei.

Tafuta herufi za API (taasisi ya mafuta ya Marekani inayopanga madaraja ya oili) kwenye galoni. SF ni ya injini za petroli za 1988 kurudi nyuma. SN ni ya 2020 kurudi nyuma. SP ndiyo iliyofuata. Baadhi ya za bei poa ni SF.

Dhana: Limetoka Japani juzi, oili bado safi.

Fungua mlango wa dereva, mara nyingine utakuta stika ya kubadilisha oili. Miaka huandikwa kwa kalenda ya Kijapani ya Reiwa: ukiona R5 ni mwaka 2023, R6 ni 2024. Mwaka ukishapita, au stika haipo, mwaga oili na filta wiki hiyohiyo, kisha andika kilomita zilizopo kwenye dashibodi.