Eric Brown, rubani wa majaribio aliyerusha aina 487 za ndege

Ukimuuliza mwanafunzi wa urubani rubani wa majaribio anahitaji nini, atakujibu haraka: ujasiri. Mimi huwatajia Kapteni Eric Brown wa Jeshi la Majini la Uingereza. Alirusha aina 487 za ndege, rekodi ambayo hakuna aliyeifikia, na alifariki mwaka 2016 akiwa mzee wa zaidi ya miaka 90. Wenzake wengi jasiri hawakuuona uzee.

Kazi iliyomtambulisha ni kutua juu ya manowari za kubebea ndege. Sitaha ni fupi, meli inasonga na kuyumba, na ndoano ya mkiani lazima inase waya uliotandazwa mbele yake. Tarehe 3 Desemba 1945 Brown alitua na ndege ya jeti, Sea Vampire, kwenye HMS Ocean. Ilikuwa mara ya kwanza ndege inayotumia jeti pekee, bila propela, kutua melini namna hiyo. Ugumu wake si mwendo peke yake. Kwenye ndege ya propela, rubani akiona anashuka mno huongeza moto wa injini, na upepo wa propela hupita juu ya mabawa na kuyainua papo hapo. Jeti haina upepo huo, na injini za wakati ule zilichelewa kuitika. Ukikosea hesabu sekunde chache kabla ya sitaha, umeshachelewa.

Baada ya vita, kwa kuwa alikimudu Kijerumani, alitumwa kuzikagua ndege za Ujerumani na kuwahoji watu wake, akiwemo Hermann Göring, aliyekuwa mkuu wa jeshi la anga la Ujerumani ya Hitler. Aliirusha hata Me 163, ndege ya roketi ambayo mafuta yake yenyewe yaliweza kulipuka. Hapo, kwa maoni yangu, alitegemea bahati kuliko maandalizi.

Lakini somo kubwa ni DH 108, ndege isiyo na mkia wa mlalo. Geoffrey de Havilland, mtoto wa mwenye kampuni, alikufa ndani yake Septemba 1946 ilipovunjika angani. Brown akapewa jukumu la kutafuta sababu. Alipoikaribia kasi ya sauti, ndege ilianza kurukaruka, pua juu, pua chini, kwa nguvu iliyokipiga kidevu chake kifuani, ikakirusha kichwa nyuma, tena na tena. Hakuvuta usukani kwa pupa. Alirudisha usukani na moto wa injini pamoja, taratibu, mpaka ndege ikatulia. Ufupi wa Brown ulimsaidia: de Havilland alikuwa mrefu, na inaaminika kichwa chake kiligonga paa la chumba cha rubani, shingo ikavunjika.

DH 108 zilitengenezwa tatu. Zote zilianguka, kila moja na rubani wake.