Kutapika damu si lazima pombe, wala si kurogwa

Kandokando ya Ziwa Victoria, mtu akitapika damu nyingi ghafla, maneno huwa mawili: ama alikuwa mlevi wa siri, ama karogwa. Pombe kweli huharibu ini, na homa ya ini aina ya B vilevile. Lakini kwa wavuvi wengi wa kanda hiyo chanzo ni kichocho cha tumbo, hata kama hawajawahi kuonja gongo.

Minyoo ya kichocho hutaga mayai ndani ya mishipa ya utumbo. Mengine husukumwa na damu hadi kwenye ini, yakaacha makovu mwaka baada ya mwaka. Damu ikikosa njia hurudi nyuma: bandama hukua, na mishipa ya umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, huvimba kama tyubu ya baiskeli iliyojazwa kupita kiasi. Haiumi. Ndiyo maana dalili ya kwanza mara nyingi ni damu yenyewe, au choo cheusi tii chenye kunata.

Ultrasaundi huonyesha makovu ya ini. Mishipa yenyewe huonekana kwa kamera ndogo inayopitishwa kooni, na kwa kamera hiyohiyo daktari huifunga kwa vipete vya mpira, awamu baada ya awamu, mpaka inywee. Vidonge vya propranololi hupunguza shinikizo la damu ndani ya mishipa hiyo. Prazikwanteli huua minyoo, ila mishipa iliyokwisha kuvimba haiondoki kwa dawa hiyo peke yake. Anayetapika damu sasa hivi akimbizwe hospitali yenye damu ya kuongezewa, na njiani asipewe diklofenaki wala aspirini.