Pavel Filonov: hakupigwa risasi, wala hakuwa adui wa mapinduzi

Ukimtaja mchoraji wa Urusi aliyesumbuliwa enzi za Stalin, watu huwa na hadithi yao tayari: alipinga mapinduzi, akakamatwa, akapigwa risasi. Filonov, aliyezaliwa Moscow mwaka 1883, haenei katika hadithi hiyo.

"Alikuwa mpinzani." Siyo. Mapinduzi ya 1917 yalimkuta askari katika medani ya Romania, na akaongoza kamati ya kimapinduzi hukohuko. Ukomunisti aliuamini hadi kufa.

"Serikali ilimpiga marufuku." Hapa pana utata. Mwaka 1929 Jumba la Makumbusho la Urusi, Leningrad, lilimwandalia maonyesho yake peke yake. Picha zikatundikwa, katalogi ikachapwa. Umma haukufunguliwa mlango. Miezi ikapita, picha zikateremshwa. Hakufungwa pingu, alifungiwa mlango. Kwangu mimi hilo linauma zaidi, maana hata cha kukatia rufaa huna.

"Picha zake hazikuwa na wanunuzi, ndiyo maana akawa fukara." Mwenyewe ndiye aliyekataa kuuza. Alitaka kazi zake zote ziende kwa taifa, zikae pamoja katika jumba moja. Wanafunzi aliwafundisha bure. Mwaka 1935 aliandika katika shajara yake jinsi alivyokuwa akijikimu kwa chai, sukari na mkate, huku anachora.

Na uchoraji wenyewe haukuwa wa kukimbizana. Alishika brashi nyembamba, akaanzia kona moja ya turubai, akasonga kitone kwa kitone mpaka upande wa pili, kila kitone kikipewa uzito uleule. *Fomula ya Majira ya Kuchipua*, ya miaka ya mwisho ya 1920, ina upana unaokaribia mita 3. Hebu fikiria brashi ile ndogo mbele ya turubai hilo.

"Stalin alimuua." Alikufa njaa tarehe 3 Desemba 1941, Leningrad ikiwa imezingirwa na Wajerumani. Katika miezi hiyo alikuwa akipanda darini kulinda jengo dhidi ya mabomu ya moto.

Picha zilinusurika mikononi mwa dada yake, Yevdokia Glebova. Mwaka 1977 alizikabidhi kwa jumba lilelile lililoziteremsha. Maonyesho makubwa yakafunguliwa humo mwaka 1988, na safari hii watu wakaingia.