Autokrosi ni nini, na "kuandaa gari" maana yake nini kwa mtu anayeanza

Chukua kiwanja kipana cha lami, iwe parking kubwa iliyo tupu au uwanja wa ndege wa zamani, panga koni za plastiki mpaka zitengeneze njia yenye kona za kutosha, alafu gari zinaingia moja moja huku saa inahesabu. Hiyo ndio autokrosi. Hamna gari pembeni ya kubanana nayo kwenye kona, unashindana na saa tu, na raundi moja kwa kawaida inachukua kati ya sekunde 30 na 60. Spidi zenyewe sio za kutisha, gari nyingi zinamaliza njia nzima kwenye gia ya pili na ni mara chache kuzidi spidi za barabara kuu, lakini kona zinafuatana haraka kiasi kwamba hupati nafasi ya kupumua katikati.

Jina linabadilika kutoka nchi hadi nchi kwaiyo lisikuchanganye. Marekani ile klabu ya magari ya michezo inayoitwa SCCA, iliyoanza 1944, inauita mchezo huu Solo, na mashindano yao ya taifa yamefanyika kwa miaka mingi Lincoln kwenye jimbo la Nebraska. Uingereza ukisema autokrosi wanaelewa mbio za kwenye nyasi au vumbi, hii ya lami na koni wanaita autosolo. Japani wana jimkana ambayo inakaribiana nayo sana. Hapa naongelea ya lami na koni, tena kwa gari ile ile unayoendea kazini.

Sasa hii dhana ya kuandaa gari ndio inapotosha watu wengi. Mtu anasikia "andaa" anawaza ekzosi, springi fupi, rimu pana, na hela inaanza kutoka kabla hajapita hata koni moja. Kwa anayeanza kuandaa gari ni vitu vitatu: kuhakikisha gari ni nzima, kutoa kila kinachocheza ndani yake, na kuweka upepo sawa kwenye matairi. Basi. Tena ukianza kubadilisha vifaa unaweza kujiumiza mwenyewe, maana magari yanagawanywa kwa madaraja kulingana na aina ya gari na mabadiliko yaliyofanyika, kwaiyo springi mpya peke yake inaweza kukutoa kwenye daraja la gari za kawaida ikakutupa kwa watu wenye gari zilizojengwa kwa ajili ya mashindano. Na utakuwa hujui kama muda umepungua kwa sababu ya springi au kwa sababu umeanza kujua kuendesha. Gari iache kama ilivyo msimu wa kwanza, nasema hili kwa moyo wote, kwasababu sekunde nyingi za mwanzo ziko kwa dereva na hazinunuliwi dukani.

Kuna aina za gari hazikubaliwi hata zikiwa nzima, hasa zile ndefu kwenda juu. Kona za ghafla kwenye lami yenye mshiko zinaweza kupindua gari iliyoinuka, ndio maana kipimo kimoja kinachotumika ni kulinganisha kimo cha gari na upana kutoka tairi la kushoto mpaka la kulia, kimo kikizidi upana unaambiwa iache pembeni. Uliza kabla hujalipia. Na soma karatasi za bima yako pia, bima nyingi za barabarani haziigusi gari ikiwa kwenye shindano la kupimwa muda.

Ukaguzi unafanyika asubuhi kabla ya raundi yoyote, lakini usisubiri huo, fanya wa kwako wiki moja kabla ili fundi apate muda kama kuna kitu. Inua gari kwa jeki, weka stendi, shika tairi juu na chini ulitikise, alafu kushoto na kulia. Likicheza juu na chini mara nyingi ni beringi au bolijointi (kiungo cha duara kinachoshikilia tairi), likicheza pembeni ni tairodi (fimbo inayounganisha usukani na tairi), na hapo mjadala umeisha, gari haiendi mpaka itengenezwe. Nati za tairi zote ziwepo na zikazwe kwa ile spana inayopima nguvu, gari nyingi ndogo zinacheza kwenye Nm 100 hivi (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza) ila namba sahihi iko kwenye kitabu cha gari yako. Betri watu wanaidharau, wakati mkaguzi ataishika kwa mkono aitikise, ikisogea unarudishwa, kwaiyo kaza kile kibano chake. Pedali ya breki iwe ngumu, ikizama kama sponji kuna hewa au mafuta ya breki yamechoka. Pedi ziwe na nyama ya kutosha. Ukikanyaga mafuta ukaachia, injini irudi chini yenyewe papo hapo. Chini ya gari pasiwe na kitu kinachodondosha.

Oili iwe kwenye alama ya juu, isiizidi, na sababu yake ni hii: kwenye kona kali na ndefu oili inakimbilia upande mmoja wa sampu (bakuli la oili chini ya injini), ikiwa pungufu pampu inaweza kuvuta hewa badala ya oili na injini ikaumia ndani ya sekunde chache. Mafuta ya kuendeshea nayo mantiki ni ile ile, watu wanakuja na tenki karibu tupu ili gari iwe nyepesi alafu kwenye kona injini inakatakata, nusu tenki inatosha kabisa.

Kutoa vitu ni rahisi ila fanya kwa umakini. Spea tairi, jeki, spana, chupa za maji chini ya siti, miwani kwenye dashibodi, kiti cha mtoto, chaji ya simu, vyote nje. Karpeti ya upande wa dereva nayo toa, ikiteleza ikaingia chini ya pedali ya breki utaelewa kwanini. Chukua begi au karai la plastiki lenye mfuniko la kuwekea hivyo vitu maana vitakaa nje siku nzima na mvua haina taarifa.

Matairi ndio sehemu ninayotaka ukae nayo zaidi. Upepo ulioandikwa kwenye mlango wa gari umepangwa kwa ajili ya starehe na safari, sio kwa kona za namna hii, kwaiyo ukiingia nao tairi la kawaida linajikunja, gari inaanza kukanyagia ubavu wa tairi badala ya uso wake. Wengi wanaanza kwa kuongeza psi 3 mpaka 5, hasa mbele kama gari inavutwa na matairi ya mbele kwasababu huko ndiko kuna injini, kuna usukani na kuna kazi kubwa ya breki, ila usivuke kiwango cha juu kilichoandikwa kwenye ubavu wa tairi lenyewe. Alafu tumia chaki au dawa nyeupe ya viatu, piga mstari kutoka ukingo wa tairi ushuke kwenye ubavu, sehemu tatu kwa kila tairi. Matairi mengi yana kialama cha pembetatu pale begani. Ukitoka raundi ya kwanza angalia chaki imefutika mpaka wapi: ikifutika kupita hiyo pembetatu ongeza upepo kidogo, kama haijafika kabisa punguza, ikiishia hapo hapo uko vizuri. Kumbuka pia kwamba tairi likipata moto upepo unapanda wenyewe, kwaiyo pima kila baada ya raundi na andika namba kwenye kidaftari, usiamini kichwa chako siku hiyo kwasababu kitakuwa na mambo mengi. Kama kuna kifaa kimoja cha kununua, nunua geji nzuri ya upepo.

Helmeti nayo haina mjadala, klabu nyingi zina za kuazima lakini ukinunua angalia stika ya ndani, chini ya sponji. Stika inayotambulika zaidi ni ya Snell, taasisi iliyoanzishwa 1957 baada ya dereva Pete Snell kufariki kwenye mbio mwaka 1956 kwasababu helmeti yake haikumkinga. Herufi SA ni za magari na kitambaa chake cha ndani kinahimili moto, M ni za pikipiki na klabu nyingi za autokrosi zinazikubali. Mwaka ulioandikwa pale ni muhimu, viwango vya SA vinatolewa upya kila baada ya miaka 5 na vya zamani vinaachwa kukubaliwa.

Tukija kwa dereva mwenyewe, anza na siti. Isogeze mpaka ukikanyaga breki hadi mwisho goti bado limejikunja kidogo, na ukinyoosha mkono juu ya usukani mgongo ukiwa umegusa siti kiwiko cha mkono wako kisinyooke kabisa, ni kifundo cha mkono ndio kikae juu ya duara. Mikono ikae kushoto na kulia katikati ya usukani. Mkanda ubane kweli: rudisha siti nyuma kidogo, funga mkanda, uvute kwa ghafla mpaka ujifunge, alafu sogeza siti mbele ukiwa bado umejifunga, utaona kiuno kimetulia na hutakuwa unatumia usukani kujishikilia. Viatu viwe vya soli nyembamba vilivyofunika mguu. Maji, kofia na chakula usisahau, kwasababu sehemu kubwa ya siku utakuwa umesimama juani.

Alafu kuna kutembea njia, na hapa ndipo anayeanza anaweza kupata sekunde za bure. Kabla ya raundi wanafungua njia mnatembea kwa miguu. Wengi wanatembea wakipiga stori, wewe tembea peke yako angalau mara tatu. Ya kwanza kujua tu njia inaenda wapi, koni iliyolala chini inakuonesha upande wa kupita, ncha yake inaelekea kwenye ile iliyosimama. Ya pili tafuta kona zinazotoa kwenye sehemu ndefu iliyonyooka, hizo ndizo za kuzipa heshima maana ukitoka nazo vizuri unabeba spidi mpaka mwisho wa mnyooko. Ya tatu inama mpaka usawa wa macho yako ukiwa kwenye siti, kwasababu ukiwa umesimama njia inaonekana wazi kabisa ila ukiwa chini koni zote zinachanganyikana. Mwisho fumba macho uiendeshe kichwani kuanzia mwanzo mpaka mwisho, ukikwama mahali rudi pale uangalie tena.

Ukiwa ndani macho yaende mbele, usiangalie koni unayoipita, hiyo umeshamalizana nayo, angalia geti linalofuata, yaani nafasi ya kupita kati ya koni mbili, na lile la baada yake. Tairi lina mshiko wa kiasi fulani tu, na ni kama shuka fupi, ukivuta kufunika kichwa miguu inabaki nje: ukiutumia wote kwenye breki haubaki wa kukata kona, ndio maana unafunga breki gari ikiwa imenyooka, unaachia taratibu huku unakata, unaongeza mafuta huku unanyoosha usukani. Kama mbele inagoma kukata usizidishe usukani, punguza mafuta kidogo itashika. ABS, ule mfumo unaozuia matairi yasijifunge ukifunga breki, ikitetemesha pedali usiogope, endelea kukanyaga, ndio inafanya kazi yake. Gari ya otomatiki iweke kwenye gia ya chini isije ikabadilisha yenyewe katikati ya kona.

Koni zina bei yake. Kwa sheria za SCCA koni ikidondoka au ikisukumwa nje kabisa ya mchoro uliochorwa kuizunguka unaongezewa sekunde 2, na ukikosa geti raundi nzima haihesabiki. Kwaiyo raundi ya kwanza lengo liwe kumaliza ukiwa kwenye njia, spidi ongeza baadae. Omba mwalimu akae pembeni yako, klabu nyingi wapo na hawalipishi, na mtu mmoja anayekwambia "angalia mbele, angalia mbele" kwa sekunde 50 anaweza kukupa zaidi ya matairi mapya.

Bendera nyekundu maana yake simama, hapo hapo, bila kumaliza kona uliyoanza. Na ukikuta koni imeshalala njiani kabla hujaifikia, klabu nyingi zinaruhusu usimame, uioneshe kwa mkono, ukapewa raundi nyingine. Utafanya kazi pia, hii sio hiari, kundi moja likiendesha lingine liko uwanjani linaokota koni na kuripoti kwa redio, ukikimbia zamu klabu nyingi zinafuta muda wako. Ukiwa uwanjani usiipe mgongo gari inayotembea na simu ibaki mfukoni.

Ukirudi kutoka raundi usivute handibreki, breki zina moto mkali na ukizibana zikiwa hivyo unaweza kuharibu diski au pedi zikagandia, acha gari kwenye gia, fungua boneti ipoe. Na siku ikiisha, kabla hujatoka getini, subiri matairi yapoe urudishe upepo kwenye namba za mlangoni, kaza nati tena kwa ile spana ya kupimia, angalia oili, rudisha karpeti na spea tairi, na kiti cha mtoto kifunge vizuri kama kilivyokuwa.