Jenereta kuwaka si kubeba mzigo

Wiki hii tena meneja wa nyumba ya wazee kanifungulia daftari la jenereta: vema kila Jumatatu, dakika 15, "imewaka, iko sawa." Nanyi ndugu zangu mnaolea wazee huku Marekani, na najua mko wengi, mnaniambia hivyohivyo: fundi, mbona tunaisikia ikiunguruma kila wiki? Jamani! Kuunguruma kunaonyesha kwamba betri ina nguvu ya kuzungusha starta na dizeli inafika kwenye injini. Basi. Kama itabeba jengo, hapo hujajua bado.

Injini ya dizeli inataka joto. Ukiiwasha bila mzigo, yaani bila kuipa taa na mashine za jengo iziendeshe, silinda hazipati moto wa kutosha, dizeli haiungui yote, na masalia yake yanachanganyika na oili na masizi, yanaganda kwenye nozeli, kwenye tabo na kwenye ekzosi. Pitisha kidole kwenye maungio ya bomba la moshi la mashine iliyozoeshwa hivyo: kinatoka na uteute mweusi unaonata kama lami, unaonuka dizeli mbichi. Zile dakika 15 za kila Jumatatu zinaichakaza mashine mnayodhani mnaitunza.

Ndiyo maana NFPA 110, kanuni ya Marekani ya umeme wa dharura, inataka kila mwezi jenereta ibebe angalau asilimia 30 ya uwezo ulioandikwa kwenye kibati chake, kwa dakika 30, au moshi ufikie joto aliloagiza mtengenezaji. Isipofika, mara moja kwa mwaka iletwe mashine ya mzigo wa bandia: nusu saa kwa asilimia 50, kisha saa nzima kwa 75.

Hapo kwenye asilimia 30 kwa dakika 30 ndipo mimi na vitabu tunapoachana kidogo. Siku ya baridi kali, dakika 30 zikiisha injini ndiyo kwanza inaanza kushika moto. Mimi natazama kipimajoto cha moshi kwanza, asilimia baadaye. Tena nina shaka kama injini za kisasa zenye kompyuta zinaumia kwa kiasi tulichofundishwa. Nimezikuta safi pale nilipotarajia uchafu. Lakini sijakuta hata moja iliyoharibiwa na mzigo wake halali.

Betri ibadilishwe kabla haijachoka, hita ya injini iwe ya moto ukiigusa, dizeli ipimwe kila mwaka. Hayo mnayajua.

Kinachowafanya watu wapime bila mzigo ni woga wa zile sekunde 10 za giza kabla jenereta haijashika. Jaribio la kweli huanzia kwenye chenjiova, swichi inayohamisha jengo kutoka umeme wa kawaida kwenda kwa jenereta: tunaigiza umeme kukatika, taa zinazimika, mashine za oksijeni zinapiga kelele, lifti inasimama, mpaka jenereta ishike. Meneja hataki, na namwelewa, maana huenda kuna bibi ndani ya lifti. Basi mtoeni bibi kwanza! Ikishindwa Jumanne saa nne asubuhi, wauguzi wameambiwa, mitungi ya oksijeni iko kando ya vitanda, fundi kasimama pale pale, umeme wa kawaida unarudishwa mara moja. Ikishindwa usiku wa kimbunga, unaurudisha kutoka wapi?

Halafu kuna kubeba nini. Septemba 2017, kimbunga Irma kilipopita, nyumba moja ya wazee mjini Hollywood, Florida, ilikosa umeme wa viyoyozi. Jenereta ilikuwepo, ila haikuungwa na viyoyozi. Wazee 12 walikufa, na hospitali iko ng'ambo ya barabara. Baada ya hapo Florida iliagiza nyumba za namna hiyo ziwe na umeme wa dharura wa kuzuia joto lisivuke nyuzi 81 za Fahrenheit, karibu 27 za Selsiasi, kwa saa 96. Jenereta ile ingeweza kuwekewa vema kila Jumatatu, na bado isingepoza chumba hata kimoja.

Kwa hiyo zamu ijayo omba daftari. Achana na vema, tafuta safu ya kilowati na ampea. Ikiwa tupu, au tarakimu ni ileile mwezi baada ya mwezi, mwandikie msimamizi na ubaki na nakala. Kisha pita vyumbani uone mashine za oksijeni zimechomekwa wapi. Soketi za umeme wa dharura mara nyingi ni nyekundu. Ukikuta chaja ya simu ndiyo imekaa humo, ihamishe hapohapo.