Kiini cha uamuzi ni nini, na hupatikanaje ndani ya hukumu?

Mwanafunzi wa sheria akipewa hukumu ndefu aisome, kinachotafutwa ndani yake mara nyingi ni aya moja au mbili tu. Hicho ndicho kiini cha uamuzi, ambacho mawakili hukiita kwa Kilatini ratio decidendi: kanuni ya sheria ambayo jaji asingefika kwenye uamuzi wake bila kuipitia, ikisomwa pamoja na mambo yaliyotokea katika kesi hiyo. Mengine aliyoyasema, hata yawe na busara namna gani, ni maneno ya kando. Yanaweza kushawishi mahakama nyingine, lakini hayaifungi.

Tofauti hii ina uzito mkubwa katika nchi zilizorithi mfumo wa sheria wa Kiingereza. Amri ya mahakama, yaani nani ameshinda na nani alipe, inawahusu waliokuwa kwenye kesi. Kiini kinawafikia watu ambao hata hawakujua kesi ilikuwapo, kwa sababu mahakama za chini zinalazimika kukifuata.

Chukua Donoghue dhidi ya Stevenson, kesi ambayo karibu kila anayesoma sheria ya madhara, yaani ya kumfidia aliyedhuriwa na kosa la mwingine, hukutana nayo mapema. Agosti 1928, katika mkahawa mmoja mjini Paisley, Uskoti, May Donoghue alinunuliwa kinywaji cha tangawizi na rafiki yake. Chupa ilikuwa ya kioo cheusi, ndani hakuonekani. Alikwisha kunywa kiasi pale rafiki alipommiminia kilichobaki na, kwa madai yake, akatoka konokono aliyeoza. Akaugua. Hakuweza kumdai mwenye mkahawa kwa msingi wa mkataba, kwani si yeye aliyenunua. Akamgeukia mtengenezaji, David Stevenson, ambaye hakuwa na mkataba naye wa aina yoyote.

Mwaka 1932 Baraza la Malodi, wakati huo mahakama ya juu kabisa kwa kesi hiyo, liliamua kwa majaji 3 dhidi ya 2 kwamba mtengenezaji anaweza kuwa na wajibu wa uangalifu kwa mtumiaji wa mwisho. Wengi husahau kwamba hakuna aliyethibitisha kuwa konokono alikuwamo. Majaji waliulizwa jambo moja: tuseme yote anayodai mama huyu ni kweli, je, sheria inampa haki? Kabla ushahidi haujasikilizwa Stevenson akafariki, na wasimamizi wa mirathi yake wakamalizana na mdai kwa pauni 200. Konokono maarufu kuliko wote katika sheria huenda hakuwahi kuwapo.

Sasa kiini ni kipi? Ukikibana mno, kinawahusu watengenezaji wa vinywaji vya chupa nyeusi peke yao, na hapo kesi haimsaidii mtu mwingine yeyote. Lord Atkin, mmoja wa majaji watatu walioshinda, alitamka pia wazo pana sana: jihadhari usimdhuru jirani yako, na jirani ni yeyote anayeguswa na tendo lako kwa karibu kiasi kwamba ulipaswa kumfikiria. Wanafunzi hulipenda, hulikariri, na hulimwaga kwenye kila jibu la mtihani. Lakini kesi ya chupa haikuhitaji upana wote huo. Kilichohitajika ni kidogo: anayetengeneza bidhaa akikusudia imfikie mtumiaji ilivyo, bila nafasi ya maana ya kukaguliwa njiani, awe mwangalifu isimdhuru.

Upana wa kiini hauamuliwi na jaji aliyekiandika peke yake. Hupimwa na kesi zinazofuata. Mwaka 1935 Privy Council ya London, wakati huo mahakama ya mwisho ya rufani kwa nchi nyingi za himaya ya Uingereza, ilisikiliza rufani kutoka Australia ya daktari aliyepata ugonjwa wa ngozi kwa kuvaa nguo za ndani za sufu zilizobakiwa na kemikali za kiwandani. Watengenezaji wakajitetea: chupa ile ilikuwa imezibwa, ilhali nguo zilifungwa kwa karatasi na muuzaji angeweza kuzifungua. Utetezi ukakataliwa. Kifuniko hakikuwa jambo la msingi; la msingi ni kwamba kasoro ilikuwa imejificha na nguo zilivaliwa kama zilivyotoka kiwandani. Kwa mwaka uliofuata, 1936, mdai mwingine alishindwa. Kioo cha mbele cha gari kilipasuka takriban mwaka mmoja baada ya gari kununuliwa, na tangu kitoke kiwandani kulikuwa na ufungaji wa kioo, matumizi, na nafasi ya kukikagua. Kanuni ile ile, matokeo mengine. Mawakili huita kazi hii kutofautisha kesi, na kwa maoni yangu ndiyo nusu ya taaluma yenyewe.

Kwa hiyo ukisoma hukumu, anza na mambo yaliyotokea, kisha ujiulize: nikiondoa jambo hili, uamuzi ungebadilika? Jambo ambalo kuondoka kwake hakubadilishi kitu, kama tangawizi yenyewe, halimo kwenye kiini.

Mpaka huo hauko wazi kila mara. Katika Hedley Byrne dhidi ya Heller, kesi iliyoamuliwa na Malodi mwaka 1963, benki ilitoa taarifa ya kumsifu mteja wake kifedha, na kampuni nyingine iliyoitegemea taarifa hiyo ikapata hasara. Majaji walieleza kwamba mtu anaweza kuwajibika kwa maneno ya kizembe pale anapojitwika dhamana kwa anayemtegemea. Benki hata hivyo ilishinda, kwa kuwa iliandika mapema kwamba haiwajibiki. Ukiwa mkali unaweza kudai kuwa kanuni hiyo mpya ilikuwa maneno ya kando, kwani mdai hakupata chochote. Mahakama zilizofuata hazikujali ukali huo. Ziliichukua kuwa sheria, na wahasibu na wakadiriaji wa nyumba wamekuwa wakishtakiwa kwa msingi wake tangu hapo.