Mvua Isiyokunyeshea

Ujumbe umeingia tena, safari hii kutoka kwa mteja wa Nyali: "Kaka, nimetazama simu, Naivasha jua tupu wikendi ya Pasaka. Korongoni tuingie Jumamosi saa nane mchana, asubuhi tulale." Ni wa nne tangu mwezi uanze. Badala ya kumjibu peke yake naandika hapa, na mwingine akiniuliza nitamtumia hii.

Kwa mgeni wa blogu hii: kazi yangu ni kupeleka makundi kutoka Mombasa hadi Bonde la Ufa. Baiskeli, kukwea mwamba, korongo, kayaki, vyote wikendi moja. Tunapanda treni ya usiku Miritini, tunashuka Nairobi bado giza, gari linatuteremsha bondeni kwa barabara ya Mai Mahiu, na saa moja na nusu asubuhi tuko geti la Elsa, la hifadhi ya Hell's Gate karibu na Naivasha.

Baiskeli sina mengi. Jaribu breki kabla hujalipa, na usijitie ubingwa: mapafu ya mtu wa pwani yamezoea usawa wa bahari, na hapa uko karibu mita 1,900. Fischer's Tower ni nguzo ya mwamba ya mita 25 hivi, wanaoanza wanaiweza wakiwa na kamba iliyofungwa juu yao. Mlima Longonot, mita 2,776, uacheni hadi Jumapili. Kayaki Ziwa Naivasha: kuna viboko, msikilizeni mwenyeji anayelijua ziwa. Basi.

Sasa korongo.

Sisi tumelelewa na mvua ya aina moja. Mvua za mwaka, yaani masika, zinakuja na upepo wa kusi, wingu unaliona likitoka baharini, linakunyeshea wewe na jirani yako, unakunja suruali unavuka. Mvua ya Kwale haimlowanishi mtu wa Kongowea. Kwa hiyo mtu akitazama juu akaona kweupe, moyo unatulia. Pwani ana haki ya kutulia. Ndani ya Ol Njorowa, korongo la Hell's Gate, mvua iliyomnyeshea mwenzio huko juu ndiyo inayokuua wewe uliye mkavu.

Korongo lile lilichongwa na maji ya Ziwa Naivasha la kale, enzi hizo likiwa kubwa na likimwagikia kusini. Yaani tangu mwanzo ni mfereji. Sisi ndio tumelifanya mahali pa matembezi. Miteremko inayolizunguka ni ya majivu ya volkano. Mvua kubwa ikiipiga kwa ghafla, maji mengi hayapati muda wa kuzama, yanashuka juu juu, vijito vinaingia kutoka kando, na chini kuna mahali unagusa kuta zote mbili kwa mikono yako. Simu inakupa hali ya hewa ya mji wa Naivasha. Haikuambii kinachonyesha kule maji yanakotoka.

"Lakini Naivasha ni kavu." Ni kweli! Milima ya Aberdare inaikinga, na kwa mwaka inapata mvua kidogo kuliko Mombasa. Ila hakuna aliyewahi kusombwa na wastani wa mwaka. Aprili 2012 vijana saba waliokuja na kundi la kanisa walikufa humo kwa mafuriko ya ghafla. Septemba 2019 wakafa watu saba wengine, mwongozaji mmoja kati yao. Septemba, jamani. Kwa hiyo na wewe unayeniambia utasubiri mvua za mwaka ziishe, bado hatujaelewana.

Kuna mahali nawasimamisha watu kila safari. Ukutani, juu ya kichwa changu hata nikiinua mkono sipafikii, kuna rundo la nyasi kavu, kijiti, na chupa ya soda ya plastiki, vimenasa kwenye ufa. Nauliza: nani amevipandisha? Watoto hujibu haraka kuliko wazazi wao.

Siku moja nilikuwa na watu tisa humo, jua kali, wingu hakuna. Karibu saa sita mwongozaji wetu, kijana wa Kimaasai, akasimama akaangalia kijito miguuni. Maji yaliyokuwa meupe yalikuwa yameanza kugeuka rangi ya chai ya maziwa. Akasema "tokeni", wala hakupaza sauti. Dada mmoja akaomba amalizie picha. Nilimshika mkono kwa namna ambayo siku nyingine ningeomba radhi. Tulipofika juu tukageuka kutazama, na pale alipotaka picha palikuwa pamefunikwa. Shati langu lilikuwa na jasho tu, halikuangukiwa na tone.

Ndiyo maana kanuni yangu ni kuingia asubuhi na mapema, na saa tano kila mtu awe nje. Kanuni hiyo ina tundu, nakiri. Bondeni mvua ya alasiri ndiyo ya kawaida, lakini ya usiku ipo, na maji yake yanaweza kunifikia asubuhi huku najiona mjanja. Kwa hiyo kukinyesha usiku huko juu, siingii. Mara mbili nimewanyima watu korongo kwa sababu hiyo na siku nzima maji hayakuja. Mmoja alidai pesa zake. Huenda tungeingia tukatoka salama salimini. Siwezi kumthibitishia kinyume, na wala sijutii. Askari wa KWS, shirika la wanyamapori, wakisema limefungwa, hapo hatuna hata la kujadili.

Basi kaka wa Nyali: tunaanza na korongo, baiskeli mpaka huko, mwamba baadaye. Viatu vya kushika ardhi, si kandambili. Mwongozaji akisema geuka, tunageuka hata kama selfi haijatoka. Usingizi wa asubuhi ulale ndani ya treni. Viti ni vya kukaa, lakini nimesafiri na watu wengi na wote wanakoroma vilevile.